Gunia Halirudi Tupu

Nzuguni, Dodoma
2 Machi 2025

Shangazi yangu Raheli,

Shikamoo. Na mbukwa pia, usije ukasema mji umenisahaulisha salamu za kwetu.

Gunia limefika salama. Kondakta wa basi la Kondoa alilishusha taratibu, akaniambia, "Dada, huyo shangazi yako kanitishia. Kasema mdomo wa gunia ukifunguliwa njiani nitamtambua." Mlenda ni mzuri mno. Umekaukia kivulini kweli, haukupoteza ukijani wake, na jana nilipoupika na karanga mume wangu Filipo alifuta mpaka sufuria.

Sasa nina habari, na usishike kichwa kabla hujamaliza kusoma. Kile kizimba cha soko la Majengo nimekirudisha. Nakihitaji cha nini? Tangu nifungue duka Kapuni, lile soko la kwenye simu nililokueleza, sina sababu ya kukaa pale nikifukuza nzi. Mtu yuko Dar, anabonyeza. Mimi nafunga pakiti, pikipiki ya Kapuni inakuja kuzichukua mlangoni. Wateja wakiridhika wananipa nyota, na duka langu lina nyota nyingi kuliko duka lingine lolote la mlenda. Nimeandika na jina lako pale: "Kutoka Haneti, kwa shangazi yangu Raheli." Watu wanalipenda hilo.

Hata majirani siwauzii tena mkononi. Juzi Anna wa nyumba ya pili alikuja na bakuli lake, nikamwambia arudi kwake aagize kwa simu ili nami nipate nyota. Alicheka, akaagiza. Pikipiki ikachukua pakiti hapa kwangu, ikaipeleka ghalani kwao mjini, kesho yake ikairudisha kwa Anna. Ndiyo maendeleo hayo, shangazi.

Uliniuliza kama hao wateja nawajua. Kapuni hawaonyeshi namba ya mteja, na mimi siruhusiwi kuweka yangu ndani ya pakiti. Ndiyo sheria yao. Lakini haidhuru, wateja wapo palepale kila siku.

Gunia linarudi na sukari, chumvi, sabuni za kufulia na kanga. Halirudi tupu, kama ulivyonifundisha.

Mwanao,
Priska


Haneti
9 Machi 2025

Mwanangu Priska,

Marahaba. Mbukwa.

Jumanne ulipiga simu nikaangusha ungo nikidhani kuna aliyekufa. Nimekwambia mara ngapi? Simu ni ya misiba. Mengine yaandikwe, niyasome, nikasirike, nipoe, ndipo nijibu. Sikufundisha kisomo cha watu wazima miaka yote ile ili ndugu zangu mwenyewe waje wanipigie kelele sikioni.

Vitu vyote nimevipata. Maneno ya kanga siyapendi lakini rangi ni nzuri.

Kizimba umenikera nacho. Mama yako, Mungu amrehemu, alikipata kile kizimba kwa kugombana na wazee wa soko mpaka wakampa ili anyamaze. Usiache mbachao kwa msala upitao. Huyo Kapuni ni mtoto wa nani? Nyumba yake iko wapi? Mkikosana unakwenda kumshtaki kwa nani? Mimi nikiuza kitu kwa mtu nataka niujue mlango wake.

Basi, umeshafanya. Mwaka huu mvua imetuonea huruma, mlenda umeota hadi njiani. Wenzangu wa kikundi wanachuma, wanakausha, wanatwanga. Yatapatikana magunia sita, na yote wanasema ni ya Priska. Mama Tumsifu ameshapanga ada ya mwanawe, mwingine kapanga bati. Ukiniangusha mimi umewaangusha wote hao.

Nimekutangulizia kidogo ndani ya gunia la mama yangu, lile lenye uzi wa buluu mdomoni. Unalijua. Lirudi.

Shangazi yako,
Raheli


KAPUNI: Soko Kiganjani Mwako
17 Machi 2025

Mpendwa Muuzaji,

Asante kwa kuwa sehemu ya familia ya Kapuni!

Tunakujulisha kwamba duka lako MLENDA WA PRISKA limefungwa kwa kukiuka Kanuni ya 14: Mimea ya Kulevya na Vitu Vinavyofanana Nayo. Mfumo wetu umetambua katika picha zako majani makavu ya kijani yaliyosagwa na kufungwa kwenye vifuko vidogo.

Oda zote zimefutwa. Wateja wako wamejulishwa sababu.

Kama unadhani kuna kosa, mwandikie Asma wa Dawati la Msaada, yupo kwa ajili yako saa zote.

Tunakutakia mauzo mema!


Nzuguni
17 Machi 2025

Dada Asma,

Habari za kazi? Nyumbani hawajambo? Pole na majukumu.

Mimi ni Priska wa duka la mlenda. Nimepata ujumbe wenu nikacheka, kisha nikausoma tena nikaacha kucheka. Dada, mlenda ni mboga. Sijui wewe ni mtu wa wapi, lakini kama umewahi kula nyumba yoyote hapa Dodoma, mlenda umeukuta mezani. Tunachuma majani, tunayakausha, tunayatwanga, tunapika na karanga na magadi kidogo, tunalia ugali. Unateleza, haulevyi. Aliyelewa kwa mlenda basi aliuteremshia na kitu kingine.

Kinachoniumiza zaidi ni hilo la kuwajulisha wateja sababu. Ina maana mama wa watu huko Dar ameambiwa kwamba Priska anauza bangi?

Tafadhali, dada yangu, mwambie anayehusika anifungulie leo. Kizimba nimekirudisha, sina duka lingine.

Ahsante sana, na Mungu akubariki.
Priska Ndahani


Dawati la Msaada, KAPUNI
17 Machi 2025

Habari Priska!

Tunaelewa jinsi unavyojisikia. Ili tukusaidie haraka, tuma picha tatu zinazoonyesha bidhaa yako kwa uwazi.

Wako,
Asma


Nzuguni
19 Machi 2025

Dada Asma,

Ahsante kwa kujibu upesi. Picha hizo hapo. Ya kwanza ni mlenda kwenye ungo. Ya pili ni mlenda kwenye pakiti. Ya tatu ni mlenda uliopikwa, sahani ya ugali, na mkono wa mume wangu ukimega tonge. Huo ukucha mweusi wa kidole gumba usikutishe, alijibonda na nyundo. Nadhani picha ya tatu inamaliza maneno. Hakuna anayekula bangi na ugali.

Wasalimie watoto.
Priska


Dawati la Msaada, KAPUNI
19 Machi 2025

Habari Priska!

Mfumo wetu umebaini kwamba umetuma picha za bidhaa iliyokatazwa kwa Dawati la Msaada. Hili ni kosa la pili. Muda wa kufungwa kwa duka lako umeongezwa.

Je, jibu hili limekusaidia? Tupe nyota!

Wako,
Asma


Nzuguni
24 Machi 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo.

Nakuandikia kwa haraka, basi linakaribia kuondoka. Huku kazi ni nyingi mno, wateja hawanipi nafasi hata ya kukaa. Magunia yale sita yatulize kwanza, nitakuambia lini uyalete. Ghala langu limejaa.

Uliuliza Kapuni ni mtoto wa nani. Ni watu wema, shangazi, wastaarabu. Wananilea kama ndugu yao. Usiwe na wasiwasi hata kidogo.

Gunia la bibi hilo, nalirudisha.

Mwanao,
Priska


Haneti
3 Aprili 2025

Priska,

Salamu utaikuta mwishoni, kama nitakuwa nimepoa.

Gunia la mama yangu limerudi tupu. Nimeligeuza ndani nje, nimelikung'uta mbele ya wenzangu, likatoa vumbi la Nzuguni na kile kikaratasi chako. Hata chumvi! Hata kiberiti! Mama Tumsifu akanionea huruma, akasema labda vitu vimeibwa njiani. Nikamvaa kondakta, mtu wa watu akaapa mpaka akataka kulia. Hukuweka kitu. Mama yangu alilitembeza gunia hilo Haneti nzima, mwaka wa njaa na mwaka wa shibe, na halijawahi kurudi tupu hata kwa aliyekosana naye. Lako limerudi tupu, na ndani yake umeandika kwamba wateja hawakupi nafasi ya kukaa. Kweli mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Sasa sikia. Siku chache baadaye akaja kijana wa Kapuni na gari, jina limeandikwa kifuani. Anaitwa Fabian. Akauliza, "Ndiye shangazi Raheli, yule wa kwenye duka la Priska?" Nikasema ndiye. Akasema wateja wa Dar wanaulilia mlenda wa huku, wao wangependa kuuchukua moja kwa moja. Nikajiuliza, Priska anajua? Kisha nikalikumbuka gunia, nikasema moyoni, Priska ghala lake limejaa, ana haja gani na sisi? Tena mwenyewe kaandika kwamba ni watu wema, wanamlea.

Basi nimempokea kama mkwe. Nimemchinjia kuku. Nimemwonyesha kivuli tunachokaushia, ungo, kinu, namna ya kuchekecha mara mbili. Alipiga picha kila kitu, hata mchi. Magunia yote sita amechukua, na la saba lenye uzi wa buluu alilobebea karanga nilizompa za njiani. Alilipa, sina ugomvi na hilo. Akaahidi magunia yatarudi na basi wiki ile ile. Mpaka leo sijaona hata uzi.

Wenzangu wanasema ahsante kwa kutuletea mnunuzi.

Sijapoa.
Raheli


Nzuguni
6 Aprili 2025

Wewe Asma,

Leo sikusalimu.

Nimefungua hiyo Kapuni yenu kwa simu ya jirani, kwa sababu yangu mmeifungia. Nimekuta "Mlenda Asilia wa Kapuni, kutoka Haneti". Ni mlenda wa shangazi yangu. Kumbe kwenye duka lenu haulevyi? Unalevya ukiwa kwangu tu?

Na picha! Picha mliyoweka pale ni ile niliyokutumia wewe ya ushahidi. Ule ni mkono wa mume wangu! Ukucha mweusi ule pale, Tanzania nzima inautazama! Picha ile kwangu ilikuwa kosa la pili, kwenu imekuwa tangazo la biashara.

Nimekuandikia kama dada yangu. Nimeuliza watoto wako, nimekuombea baraka. Hujanijibu hata siku moja kwamba hawajambo. Nataka kuongea na mtu. Yeyote. Hata mlinzi wa getini. Mna geti?

Priska Ndahani


Dawati la Msaada, KAPUNI
6 Aprili 2025

Habari Priska!

Asante kwa maoni yako mazuri kuhusu Mlenda Asilia wa Kapuni! Tunafurahi kwamba umeupenda.

Kumbuka: Asma ni msaidizi wa kidijitali. Ujumbe mrefu huenda usisomwe wote.

Wako,
Asma


Nzuguni
7 Aprili 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Najua haistahili kuitikiwa, lakini nimekuamkia hivyo hivyo.

Nilikudanganya. Duka langu lilifungwa wiki moja kabla ya kukuandikia barua ile. Mashine yao iliona mlenda wetu ikasema ni dawa za kulevya. Niliomba, nikaeleza, nikatuma picha; picha zenyewe zikawa kosa jingine. Kuna mwanamke aliyekuwa akinijibu, anaitwa Asma. Nimemwandikia vizuri kama dada yangu, nikimwuliza na watoto wake. Jana nimeambiwa si mtu. Filipo amecheka mpaka akatoka nje, mimi nimekaa jikoni nikalia kwa hasira. Hivi unafanyaje ukitaka kumtukana mtu ambaye hayupo?

Sikukuambia kwa sababu ya aibu. Ulinionya juu ya kizimba, na nilipokwenda kukiomba tena nilikuta kimeshapewa mwuza viatu. Nikaona bora niseme mambo ni mazuri mpaka yawe mazuri kweli, kisha nikueleze yote tukicheka. Ile ya "watu wema wanaonilea" niliiandika ili tu usiulize zaidi. Sikujua kwamba ungeitumia kumpikia Fabian.

Kuhusu gunia. Nilikuwa nimeweka sukari, shangazi. Nilishafunga uzi wa buluu, nikaufungua tena nikaitoa. Nyumbani ilikuwa imebaki hiyo. Nilisimama stendi na gunia tupu mkononi nikajua kabisa ninachofanya, na bado nikampa kondakta.

Wateja wote wale niliokuringishia, simjui hata mmoja. Namjua "Mama Ubungo" aliyeandika kwamba mlenda wangu unamkumbusha marehemu bibi yake. Nimjue wapi? Alikuwa mteja wa Kapuni, mimi nilikuwa namfungia pakiti tu. Sasa anauziwa mlenda wako, wenye mkono wa mume wangu, na ameambiwa kwamba Priska ni mwuza bangi. Hilo ndilo linaninyima raha. Hata leo ukinipa magunia kumi sina wa kumwuzia, na sina pa kusimama niseme si kweli.

Naomba msamaha wako na wa mama wote.

Priska


Haneti
14 Aprili 2025

Mwanangu,

Marahaba. Mbukwa. Nimepoa, ila usizoee.

Wewe umenidanganya na mimi nimemchinjia kuku mwizi. Tumetoka sare.

Ila sukari ndiyo imenikasirisha upya. Ungeandika neno moja, "Shangazi, sina." Ningekosa nini? Mama yangu mwaka wa njaa alirudisha gunia na jiwe la magadi ndani, na likapokelewa kwa vigelegele. Gunia halitaki mali, linataka lisemwe neno. Lakini na mimi nina langu: nililikung'uta likiwa tupu nikafikiri kiburi, njaa haikunijia kichwani. Binti wa kaka yangu, na njaa haikunijia kichwani! Nimejisema sana.

Wenzangu nimewasomea barua yako yote. Pale kwenye Asma walianguka kwa kicheko. Mama Tumsifu anauliza kama huyo Asma naye anapata mshahara.

Sasa mambo ya kazi. Mlenda wa kuuza umekwisha, Fabian kabeba. Lakini kila nyumba hapa ina akiba yake ya kula mpaka mvua zijazo. Nimepita mlango kwa mlango na ungo, na kila mmoja amepunguza. Hawakunung'unika, au walinung'unika nilipokwisha ondoka. Uko ndani ya salfeti ya mchele kwa sababu gunia la maana sina. Huo si wa kukopesha wala wa kupigia picha. Tafuta mahali penye kivuli na watu wanapita, ukae, uuze kwa mkono. Mlenda unauzwa kwa kuonjwa. Mtu akikuuliza kama ni bangi, mpe kijiko.

Na uanze kwa Anna. Kamwombe radhi na bakuli lake.

Shangazi yako,
Raheli

Salfeti usirudishe, ni ya kutupa. Nataka gunia langu lenye uzi wa buluu. Sijui utalipata kwa nani, lakini nalitaka.


Dodoma mjini
25 Mei 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa kazini, na kazini ni barazani kwa Mehjabin, yule mama wa Kihindi aliyekuwa akiniuzia vifuko vya pakiti. Nilikwenda kumwambia kwamba sitanunua tena, akaniuliza kwa nini, nikamweleza hadi sauti ikanipanda, wateja wake wakageuka. Akasema, "Mimi baba mkwe wangu alinifundisha, ukipanga duka kwa mtu, kwanza umjue mke wake. Huyo Kapuni ana mke?" Nikasema hana hata mtu. Akasema, "Basi kaa hapo, kivuli sikiuzi. Lakini usizibe mlango."

Nakaa. Nisikudanganye tena: hali ni ngumu. Kuna siku nauza mpaka nasahau kula, na kuna siku nauza pakiti mbili, moja kwa Mehjabin mwenyewe. Sijafika hata nusu ya pale nilipokuwa. Wengine wanapita wakinong'ona, "Si ndiye yule?" Nawapa kijiko. Hadi sasa hakuna aliyelewa.

Anna alikuja siku ya kwanza na bakuli lake. Alisimama mbele yangu, akatoa simu, akasema kwa sauti, "Samahani muuzaji, niagize kwa hii au leo unapokea mkono?" Barabara nzima ilicheka. Nilistahili.

Juzi alipita mama mmoja mgeni, amekuja kwenye arusi ya ndugu yake. Akaonja, akaonja tena. Akasema, "Huu ndio ule wa Priska wa zamani, unaonikumbusha marehemu bibi yangu. Walituambia alikamatwa." Shangazi, ni Mama Ubungo! Nilimshika mikono yote miwili. Namba yake nimeiandika ukutani kwa Mehjabin kwa chaki, kubwa, na Mehjabin hakugomba. Nilikuwa na mamia ya wateja, sasa nina mmoja ninayemjua. Nimefurahi na nimeudhika vyote pamoja, maana wale wengine bado wanaamini niko jela.

Salfeti sirudishi. Nimetuma ndoo mpya yenye kifuniko, na ndani sukari, chumvi, na kiberiti, kwa sababu ulikitaja.

Mwanao,
Priska


Dar es Salaam
18 Juni 2025

Bi Priska,

Habari za kazi. Naitwa Aamir, ni msimamizi wa bidhaa hapa Kapuni. Mimi ni mtu kabisa. Nimesoma mawasiliano yako yote na Dawati, na nimeona nianze kwa kukuhakikishia hilo. Naomba radhi kwa yaliyotokea.

Naenda moja kwa moja kwenye hoja. Zamani mfumo wetu haukuwa unakagua bidhaa za Kapuni yenyewe. Mwezi huu umeboreshwa, unakagua zote. Juzi umefunga Mlenda Asilia wa Kapuni kwa Kanuni ya 14. Tulijaribu kuweka ufafanuzi, mfumo ukaomba picha. Tulipotuma picha, ukafunga ghala letu lote la Dodoma. Magunia ya mlenda yapo ndani, hayatoki, na hakuna mtu ofisini mwenye mamlaka ya kuubishia mfumo bila maelezo ya muuzaji wa mlenda anayetambulika.

Tunaomba uandike maelezo rasmi kwamba mlenda ni chakula, uyatie sahihi. Ukikubali, duka lako tutalifungua siku hiyo hiyo, na nyota zako zote zitarudi kama zilivyokuwa.

Tafadhali jibu mapema, hali ni ya dharura.

Wako,
Aamir


Barazani kwa Mehjabin, Dodoma
20 Juni 2025

Habari Aamir!

Asante kwa kuwasiliana nasi. Tunaelewa jinsi unavyojisikia. Ujumbe mrefu huenda usisomwe wote, lakini wako tumeusoma, tena kwa sauti, barazani, na umerudiwa kwa maombi ya wasikilizaji.

Maelezo kwamba mlenda ni chakula nimeshayaandika. Yasome tena, ni ya tarehe 17 Machi, niliyapeleka kwa Asma. Sahihi yangu ipo. Sitaki wanawake wa Haneti waitwe wauza bangi kwa ajili ya hasira zangu, kwa hiyo yatumie, nakuruhusu. Ule mkono wa mume wangu uondoeni, ukucha umeshapona.

Sikufichi, nyota zangu nazitaka. Nilipofika kwenye mstari ule nilisimama. Lakini nyota haziwezi kuniambia Mama Ubungo anakaa mtaa gani, na mkinuna tena mtazizima kama taa. Duka msinifungulie. Ninalo. Halina nyota, lina mlango, na ni wa Mehjabin.

Ninachodai ni kingine. Fabian wenu alichukua magunia sita kwa shangazi yangu Raheli, na la saba lenye uzi wa buluu mdomoni. Aliahidi yatarudi, na hayajarudi. Yaleteni hapa, mkononi kwangu, na ayalete mtu. Na kwetu gunia halirudi tupu. Katika hayo sita wekeni mnachoona kinafaa, hata chumvi, wenyewe wa Haneti watawapima. Ndani ya lile la uzi wa buluu wekeni kila mteja wangu mliyemwambia kwamba nauza dawa za kulevya: mwandikieni mmoja mmoja kwamba mlikosea, na mumpe namba yangu. Atakayependa atanitafuta.

Usiniambie kwamba sheria zenu haziruhusu. Mimi nitafungua lile gunia mbele ya shangazi, naye hulikung'uta.

Je, jibu hili limekusaidia?

Nisalimie Asma na watoto.

Priska Ndahani